Mazungumzo ya Juma: Mji Unaoishi kwa Zamu

Wasomaji wetu, juma hili twataka kuzungumza nanyi habari za mji mmoja mdogo wa wakulima, ulioko katika nchi tambarare ya Mwea, kusini ya Mlima Kenya. Jina lake ni Wang'uru, na wengine huuita Ngurubani. Msafiri atokaye Nairobi kwenda Embu hupita katikati yake. Ataona mashine za kukoboa mpunga, maduka, punda wakivuta mikokoteni, na kina mama wenye vibanda kando ya barabara wakimwita anunue pishori. Huenda akasema moyoni mwake, "Hapa ni mahali penye mali," kisha akaendelea na safari yake.

Asemalo ni kweli, maana sehemu kubwa ya mchele unaolimwa Kenya hutoka katika nchi hiyo. Lakini msafiri huyo hakuliona jambo linaloushika mji wote usianguke, kwa sababu halionekani kutoka barabarani. Jambo hilo ni zamu ya maji. Zamu ikishikwa vizuri, mji hula na kuuza. Zamu ikivunjwa, ndugu hugombana, na shamba la mtu mwaminifu hukauka huku la jirani yake likifurika. Basi, na tulitazame jambo hili kwa makini, maana lina mafundisho hata kwa mtu asiyepata kuona jaruba la mpunga maisha yake yote.

NCHI NA MAJI YAKE

Mwea iko karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Udongo wake katika sehemu za mpunga ni mweusi na mzito. Wakati wa kiangazi hupasuka nyufa, na mvua inaponyesha hugeuka kuwa tope linalong'ang'ania jembe na viatu. Mkulima wa mahindi hauoni udongo huo kuwa rafiki. Lakini mpunga waupenda, kwa kuwa maji yakishatuama juu yake hayapotei upesi chini. Tena nchi yenyewe ina mteremko mdogo tu, kiasi cha kuyafanya maji yatembee yenyewe mferejini pasipo kusukumwa na mashine.

Maji hayo si ya Mwea kwa asili yake. Huanzia katika misitu ya Mlima Kenya, yakateremka kwa mito miwili, Nyamindi na Thiba, yakipita kwanza katika nchi ya wakulima wa chai na kahawa. Mfereji umechimbwa wa kuiunganisha mito hiyo, ili Nyamindi uusaidie Thiba. Kutoka mitoni maji huingia katika mifereji mikuu, kisha katika mifereji ya matawi, kisha katika vijifereji, na mwisho huingia majarubani. Mpango wote umegawanywa katika sehemu tano: Tebere, Mwea, Thiba, Wamumu na Karaba.

Sasa, mwona tofauti iliyopo kati ya mkulima huyu na wengine. Mvua ikinyesha Kisii au Nyeri, humnyeshea mtu na jirani yake kwa saa ile ile, wala hakuna awezaye kumzuilia mwenzake. Bali mkulima wa Mwea, mvua yake hupitia kwanza shambani kwa mwingine. Aliye juu akifungua mlango wa maji usiku kwa siri, aliye chini huamka asubuhi akakuta tope limeanza kukauka na miche imesinyaa. Kwa hiyo katika nchi hiyo ujirani si adabu tu ya kusalimiana njiani. Ujirani ndio mvua yenyewe.

MIKONO ILIYOCHIMBA

Yafaa tukumbuke mifereji hiyo ilivyopatikana. Kazi ya kuichimba ilianza katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, nayo ilifanywa kwa mikono ya watu waliotiwa kizuizini. Waliishi katika kambi zilizozungushiwa seng'enge, wakachimba na kubeba udongo, wala si kwa hiari yao. Mtu anayenyweshea shamba lake leo kwa mfereji wa zamani ni vema ajue kwamba maji yale yapita mahali palipotoka jasho na machozi ya wengine. Kitu kilichogharimu hivyo hakifai kuharibiwa kwa uvivu.

Baadaye familia zikakaribishwa kulima, na kila mkulima akapewa eka 4. Lakini hakupewa hati ya kumiliki nchi, alipewa kibali cha kulima tu. Msimamizi ndiye aliyetangaza siku ya kulima, siku ya kupanda, siku ya kufungua maji na siku ya kuyafunga. Baada ya Uhuru, Sheria ya Unyunyizaji ya mwaka 1966 iliuweka mpango huo chini ya Bodi ya Taifa, lakini desturi ile ya amri kutoka juu haikubadilika sana. Mkulima alipeleka mpunga wake kwa Bodi, akabakiza kiasi cha chakula cha nyumbani. Bodi ilikata kwanza gharama za trekta, mbolea na maji, kisha ikamlipa kilichosalia. Aliyelitupa shamba lake angeweza kunyang'anywa kibali. Na mwenye kibali alipofariki, mrithi alikuwa mtu mmoja tu.

Tuseme kweli pande zote mbili. Utaratibu ule ulikuwa na faida yake: maji yalifika mwisho wa mfereji kwa siku iliyoandikwa, na wataalamu wa nchi nyingine walikuja kuutazama mpango wa Mwea na kuuandika vitabuni. Lakini ulikuwa na uchungu wake pia. Mtu alilima miaka 30 katika shamba aliloliita lake, huku hana uwezo wa kuamua auze wapi wala kwa bei gani. Uchungu huo ulikua polepole, kama maji yanayopenya chini ya tuta bila kuonekana.

Mwaka 1998 tuta likapasuka. Wakulima walikataa kupeleka mpunga kwa Bodi, wakaupeleka katika chama chao cha ushirika. Mwaka 1999 palitokea ghasia na polisi, na watu wakapoteza maisha yao. Mwisho wake wakulima wakapata kuuza mazao yao wenyewe. Mji wa Wang'uru ukachangamka: mashine za kukoboa za watu binafsi zikaongezeka, wanunuzi wakaja kutoka mbali, na fedha zikawa zazunguka mjini badala ya kusubiriwa kutoka ofisini.

Lakini furaha hiyo ilikuja na swali ambalo wachache walikuwa wamelifikiri. Nani sasa atazoa mchanga mferejini? Nani atang'oa magugu? Nani atasema leo ni zamu ya fulani, na kusikilizwa? Msimamizi aliondoka, bali maji hayakuibadili tabia yake: yaliendelea kuanzia juu. Katika miaka ile mifereji mingi ilijaa matope, na mashamba ya mwisho yakapata taabu. Mwaka 2003 wakulima na Serikali walipatana kushirikiana tena, Serikali ikishughulikia kazi kubwa za mito na mifereji mikuu, na wakulima wakishughulikia mifereji yao midogo. Sheria mpya ya mwaka 2019 imeupa nguvu mpango wa namna hiyo, ambao vyama vya watumiaji maji hugawa maji na kutunza mifereji vyenyewe.

Basi mji huu umejifunza mambo mawili kwa gharama kubwa. Umejifunza kwamba utaratibu pasipo uhuru humfanya mkulima kuwa kibarua nyumbani kwake. Umejifunza pia kwamba uhuru pasipo utaratibu ni uhuru wa yule aliye karibu na mlango wa maji.

MWAKA WA MPUNGA

Huenda msomaji asiyejua mpunga akauliza, kwa nini zamu iwe kali hivi? Jibu liko katika mwaka wenyewe wa kazi.

Msimu mkubwa huanza karibu mwezi wa Julai na Agosti. Kwanza maji huingizwa shambani ili udongo ulainike. Kisha trekta huvuruga tope, na ng'ombe huburuta ubao wa kusawazisha, maana jaruba lisilo sawa huwa na kisiwa upande mmoja na kidimbwi upande wa pili. Wakati huo mbegu zimekwisha kuoteshwa kitaluni. Miche ikifikia kimo, huja siku za kupandikiza, na hapo mji mzima hujaa vibarua. Kina mama kwa vijana huinama mstari mmoja katika maji yanayofika kwenye vifundo vya miguu, wakirudi nyuma hatua kwa hatua. Mgongo wa mtu asiyeizoea kazi hiyo hautamsamehe upesi.

Kazi hizi zote zahitaji maji mengi kwa wakati mmoja, na miezi hiyo ndiyo ambayo mito yenyewe imepungua. Hapo ndipo shida ilipo. Wala mkulima hawezi kusema, "Basi mimi nitapanda nitakapopenda." Pishori ni mpunga wenye tabia za kifalme. Ukipandwa nje ya majira yake, ukafika kutoa maua katika baridi ya mwezi wa Juni na Julai, punje nyingi huwa kapi tupu. Ugonjwa wa ukungu nao hupenda hali ya namna hiyo. Tena mmoja akichelewa peke yake, ndege wote humfuata yeye. Ndege hao wadogo walao nafaka huja kwa makundi kama wingu, na mwenye shamba hulazimika kuweka walinzi wenye kombeo na makopo tangu alfajiri hata jua kuzama. Shamba likikomaa pamoja na mengine, hasara hugawanyika. Likikomaa peke yake, ndilo meza ya karamu.

Mavuno huja karibu mwezi wa Novemba na Desemba. Mpunga hukatwa, hupurwa, huanikwa juu ya maturubai, kisha hupelekwa mashineni ukawa mchele. Majani makavu hayatupwi, hufungwa matita yakauzwa kuwa chakula cha ng'ombe. Katika siku hizo mjini hapakosekani nyama, sare mpya za shule wala deni lililolipwa. Lakini kila shilingi inayozunguka dukani, hotelini na kwa dereva wa pikipiki imetoka katika maji yaliyofika shambani kwa siku yake.

WA JUU NA WA CHINI

Na tutoe mfano wa jambo linalotokea penye mifereji. Kijana mmoja mwenye shamba la chini ameambiwa maji yake yatafika jioni ya Jumanne. Alipokesha hata usiku wa manane bila kuyaona, akaupandisha mfereji kwa miguu, akakuta mlango wa mzee wa juu uko wazi.

"Mzee, samahani. Zamu yako ilikwisha jana."

"Kijana wangu, nami niliona miche yangu inasinyaa. Ungalikuwa wewe ungalifanyaje?"

Ndipo kiongozi wa mfereji aliyeitwa kuamua akasema, "Baba, twakuheshimu. Lakini juma lijalo aliye juu yako akiichukua zamu yako, utakwenda kulia kwa nani?"

Swali hilo ndilo msingi wa mambo yote. Mferejini kila mtu ni wa juu kwa mmoja na wa chini kwa mwingine. Hata yule wa kwanza kabisa aliye karibu na mto, juu yake wako wakulima wa milimani wenye mabomba yao. Mtu akiivunja zamu amefundisha walio juu yake namna ya kumtenda. Hii ndiyo sababu mkulima mwenye akili hatazami tu kama jaruba lake limejaa. Hutazama pia kama la mwisho limepata, maana hicho ndicho kipimo cha afya ya mfereji wote.

Taabu ya wa mwisho imezidi katika miaka hii kwa sababu ya jambo la urithi. Tulisema kwamba eka 4 zilirithiwa na mtoto mmoja. Je, wale wengine walikwenda wapi? Wengi hawakwenda mbali. Walikodi au kununua vipande vya nchi kando ya mpango, wakafungua majaruba, nao huitwa wakulima wa "jua kali". Si haki kuwaita wezi, maana ni watoto wa nchi hiyo hiyo, na mchele wao wauzwa katika mji ule ule. Lakini mto haukuongezeka walipoongezeka wao. Palipo na mashamba mengi kuliko maji, kumfukuza mtu hakuleti tone hata moja. Linalofaa ni kumwandika daftarini, kumpa siku yake, kumtoza ada kama wengine, na kumtaka ashike jembe siku ya kusafisha mfereji.

BWAWA NA AKILI

Wako watu waliosema kwamba bwawa likijengwa maneno ya zamu yatakwisha. Bwawa la Thiba limejengwa huko Rukenya, likakamilika mwaka 2022. Laweza kuweka maji kiasi cha mita za ujazo milioni 15.6, na kazi yake ni kuyahifadhi maji ya mvua kubwa ili yatumike mito inapopungua. Ni jambo la shukrani, maana limewawezesha wakulima wengi kufikiri juu ya misimu miwili badala ya mmoja.

Lakini bwawa ni kama ghala. Mwenye ghala kubwa asiye na kibaba cha kupimia hufikwa na njaa, ila huchelewa kidogo tu. Maji mengi bwawani yakipita katika mfereji uliojaa magugu hayafiki Karaba. Na watu wakiona maji ni mengi hufungua mashamba mapya, kisha baada ya miaka michache shida ile ile hurudi na watu wengi zaidi.

Kwa ajili hiyo twaisifu njia ya pili, iliyo ya akili. Mwaka 2009 wataalamu wa chuo kikuu, wakiongozwa na Profesa Bancy Mati, walianza kuwaonyesha wakulima wa Mwea ukulima wa mpunga usiotaka maji kukaa shambani siku zote. Miche hupandikizwa ikiwa michanga, mche mmoja mmoja, kwa nafasi pana na mistari iliyonyoka. Maji huingizwa, kisha huachwa yakauke kidogo, kisha huingizwa tena, na mizizi hupata hewa. Palizi huwa nyingi zaidi, na hilo si jambo dogo kwa mwenye kulipa vibarua. Lakini mbegu hupungua, na maji hupungua sana. Mkulima wa juu atumiaye njia hii amemsaidia wa chini pasipo kutoa hata senti moja.

ADUI ASIYEJUA MPAKA

Kuna mambo mengine ambayo mfereji huyabeba pamoja na maji. La kwanza ni kichocho. Watoto wakioga mferejini, na watu wakijisaidia karibu na maji, ugonjwa huo hauishi. Dawa yake ipo hospitalini, lakini choo ni bora kuliko dawa. La pili ni malaria. Hapa pana jambo la ajabu: utafiti uliofanywa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba vijiji vya majaruba vilikuwa na mbu wengi zaidi, lakini wagonjwa wa malaria wachache kuliko vijiji fulani vya nje visivyo na mpunga. Wataalamu walieleza kwamba mbu wengi wa huko waliwauma ng'ombe kuliko watu, na tena wenye mpunga walikuwa na fedha za kununua vyandarua na dawa. Msomaji asidhani kwamba ng'ombe watosha. Alale ndani ya chandarua.

La tatu ni geni. Mwaka 2020 ilitambuliwa kwamba konokono mkubwa wa majini ameingia Mwea, ambaye asili yake ni Amerika ya Kusini. Hutaga mayai ya rangi ya waridi, yaliyoshikamana kama shanga kwenye mashina ya mpunga na kingo za mifereji, naye hula miche michanga. Husafiri kwa maji, na kwa tope lililoshika trekta. Afaa kuokotwa, mayai yake yapondwe, na wavu uwekwe mahali maji yaingiapo. Lakini mmoja akiokota na jirani yake asiokote, kazi ni bure. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe huenda uko kwa jirani.

Mjini nako kuna konokono wa namna nyingine, nao ni wafanya biashara wanaochanganya pishori na mchele wa bei rahisi kutoka nje, kisha wakaandika juu ya mfuko jina la Mwea. Jina la mji ni kama mfereji wa watu wote. Mmoja akilichafua, wanunuzi hulikimbia, na hasara humwangukia mama mwaminifu wa kibandani pamoja na mkulima asiyejua lolote.

MFEREJI WA NYUMBANI

Jambo hili la wa juu na wa chini halikomei shambani. Katika kitabu juu ya Mwea kilichotolewa mwaka 1973, kilichohaririwa na Robert Chambers na Jon Moris, mlielezwa taabu za kina mama wa mpango ule wa zamani. Malipo ya mpunga yaliingia mkononi mwa mume mwenye kibali. Mke alisaidia kupandikiza, kupalilia na kuvuna, lakini mahindi na maharagwe ya kulisha watoto ilimpasa ayanunue, na kuni pia zilikuwa za shida katika nchi ile isiyo na miti mingi. Basi alitegemea mpunga aliopewa na mumewe, akauza kidogo kidogo ili mambo ya nyumba yaende.

Siku hizi mambo mengi yamebadilika, na kina mama wengi wana biashara zao, hata mashamba. Lakini kila mwenye nyumba na ajiulize: fedha za mavuno zikiingia, ni nani aliye mwisho wa mfereji? Ikiwa zote hunywewa na wa kwanza, yaani hoteli, pombe na madeni ya anasa, kisha ada ya shule hukuta tope limekauka, basi mtu huyo ameivunja zamu nyumbani mwake. Hawezi kusimama mkutanoni kumshitaki jirani kwa kosa hilo hilo.

KARANI NA DAFTARI

Twamaliza kwa neno kwa wasomaji wetu walio makarani, kwa maana wengi wao hudhani habari za majaruba haziwahusu. Katika chama cha watumiaji maji, mwenye kushika daftari ana nguvu kuliko mwenye kushika jembe. Yeye ndiye aandikaye nani amelipa ada, nani amekuja kusafisha mfereji, na zamu ya nani ni siku gani, tangu saa ngapi hata saa ngapi. Akimfutia mmoja deni kwa ajili ya soda au undugu, amefungua mlango wa maji usiku, ingawa hakulowesha viatu vyake.

Karani mwema huliandika daftari kwa wino, huibandika orodha ya zamu mahali ambapo kila mtu aweza kuisoma, na hutangaza hesabu ya ada mbele ya mkutano. Mzee asiyejua kusoma asomewe pasipo kudharauliwa. Penye orodha iliyo wazi, ugomvi mwingi hufa kabla ya kuzaliwa, kwa kuwa mtu aliyeonewa ana kitu cha kuonyesha kwa kidole, wala hana haja ya kuchukua panga.

Maneno haya si ya Wang'uru peke yake. Ahero kuna mpunga na mifereji. Hola na Bura ziko kando ya Mto Tana. Perkerra iko karibu na Marigat. Hata pasipo mfereji, kuna bomba la kijiji, dipu la ng'ombe, trekta ya ushirika na foleni ya zahanati. Kila mahali ambapo kitu kimoja hutumiwa na wengi, kuna wa juu na kuna wa chini.

Basi msomaji, ukipita Wang'uru siku moja, nunua mchele wako, ukale kwa afya. Lakini ukiweza, acha barabara, uufuate mfereji mpaka jaruba la mwisho. Ukilikuta lina maji, ujue umefika katika mji wenye watu.

Kwaherini hata juma lijalo.